Antimaada Ndani ya Sahani ya Futari

Ramadhani moja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, niliamini kwa dhati kwamba ndizi za nazi zingeweza kumdhuru mtoto aliyekuwa tumboni mwa dada yangu. Sisemi ndizi zilizooza, wala zilizotiwa kitu. Ndizi yoyote, nzima, iliyoiva vizuri, iliyopikwa kwa tui zito na iliki. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Mishomoroni na mama na dada, na jambo hilo nilikuwa nimelisoma kitabuni mwenyewe, bila mwalimu.

Lazima niseme nilikuwa mtu wa namna gani, na kwa sehemu kubwa ningali hivyo. Niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa nyoka. Nikichuja nazi, nilichuja mpaka mama akaninyang'anya kung'uto. Nikiandika barua nikakosea herufi moja, sikufuta. Nilichukua karatasi nyingine nikaanza upya, na jamaa zetu walizoea kupata salamu zangu za Idi baada ya Idi yenyewe kupita. Kitandani niliyarudia maneno niliyowaambia watu mchana, nikiyasahihisha moja moja, kana kwamba kesho yake ningepewa nafasi ya kuyasema tena.

Shule yetu ya wasichana haikuwa na maabara. Fizikia tuliisoma ubaoni, tukachora betri ambazo hatukuwahi kuzishika. Matokeo yangu hayakutosha kunipeleka mbele, nami nikaamua kwamba kama ni hivyo nitajifundisha, tena nitajifundisha vizuri kuliko walionifundisha. Shemeji yangu, mume wa dada, alifanya kazi ya zamu katika kiwanda kimoja cha Changamwe, akilala huko siku nyingi. Mhandisi mmoja mgeni alipoondoka kiwandani aliacha kabati la vitabu, na wafanyakazi wakaambiwa wachukue wanachotaka. Wengi walichukua mbao za kabati. Shemeji aliniletea kitabu kinene cha sayansi kisicho na jalada, kinachonuka dizeli, cha Kiingereza, ambacho kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimeng'oka.

Nikajiwekea sheria: sitafungua ukurasa mwingine mpaka nielewe kila neno la ukurasa niliopo. Nilikuwa na kamusi ya shule na penseli. Kurasa nyingine zilinichukua siku mbili, nyingine wiki. Mama akiniuliza nimefika wapi, nilimjibu kwa fahari kwamba bado nipo palepale.

Mlango wa antimaada ndio ulionishika kuliko yote. Kitabu kilieleza kwamba kila chembe inayojenga vitu vya duniani, iwe jiwe, maji au unywele, ina pacha wake wa kinyume. Uzito wao ni mmoja, ila umeme wao wapingana: huyu hasi, yule chanya. Hao pacha kwa jumla ndio antimaada. Chembe ikikutana na pacha wake, hawabaki wawili wala habaki mmoja. Wote hutoweka, na mahali pao huwa mwanga.

Pacha hao walijulikana kwanza kwenye karatasi, kabla ya mtu yeyote kuwaona. Mwanafizikia mmoja alikuwa na mlinganyo uliotoa majibu mawili, moja chanya na moja hasi, na badala ya kulitupa lile hasi akajiuliza lina maana gani. Niliposoma hapo niliweka penseli chini. Shuleni nilipata kuulizwa ni namba gani ikizidishwa kwa yenyewe huleta nne, nikaandika mbili, mwalimu akaninyima nusu ya alama kwa kuwa hasi mbili nayo ni jibu. Niliudhika mwaka mzima. Kumbe ndani ya ile hasi mbili niliyoisahau mlikuwa na nusu nzima ya mambo.

Lakini kitabu hakikuishia kunifurahisha. Kilisema kwamba hapo mwanzo wa ulimwengu, kwa hesabu zote zinazojulikana, maada na antimaada zilipaswa kuumbika sawa kwa sawa. Zingekutana, zingemalizana, na kusingebaki kitu ila mwanga mtupu: hakuna nyota, hakuna bahari, hakuna Mishomoroni. Kwa nini basi tupo? Kitabu kiliuliza swali hilo na kuahidi kulijibu mbele. Nilitembea nalo siku nyingi. Nilikuwa mtu wa kutaka hesabu zote zilingane, na hapa naambiwa kwamba zikilingana, sipo. Wiki hiyo sikupenda kujitazama kwenye kioo.

Kisha nikafika ukurasa ulioniponza. Mistari yake ya chini ilisema kwamba antimaada haipatikani mbali angani tu. Hutokea majumbani mwetu, kwa mfano ndani ya ndizi ya kawaida, kwa kuwa ndizi ina madini ya potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo huchakaa yenyewe, na katika kuchakaa kwake mara chache hutoa positroni, yaani pacha wa elektroni, ambayo hukutana papo hapo na elektroni iliyo karibu nayo, na zote mbili... Hapo ukurasa ukaisha.

Sikuufungua unaofuata. Katika ukurasa ule mlikuwa na maneno ambayo kamusi yangu haikuyajua, na sheria ni sheria.

Sasa nimlete jirani yetu. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ukuta mmoja wa uani, mfupi kiasi cha mtu kupitisha sahani. Tulimwita khala, kama ambavyo mtu humwita mama yake mdogo, ingawa hatukuwa na nasaba. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mwili na wa maneno, mwenye mke mwenziwe huko Junda na mume aliyegawa siku zake baina ya nyumba mbili. Kazi yake aliyojulikana kwayo ni kukanda wanawake wenye mimba: kuwapaka mafuta ya nazi, kuwanyoosha migongo na kujua kwa viganja mtoto amelalaje.

Dada alikuwa amepoteza mimba yake ya kwanza mwaka uliotangulia, katika mwezi wa tano. Khala ndiye aliyekuwa akimkanda. Hospitali walisema ni mambo yanayotokea. Lakini bombani, pale wanawake wanapopanga ndoo, kulisemwa maneno ya chini chini kuhusu mikono ya mtu na jicho la mtu, na mtu mwenyewe hakuzaa. Mama aliyakataa maneno hayo waziwazi. Khala hakuyagusa kabisa. Ila dada aliposhika mimba tena, khala hakuja nyumbani mpaka dada mwenyewe alipomwendea, akamshika mkono, akamwambia hataki mwingine. Tangu siku hiyo alikuja kila baada ya alasiri, na Ramadhani ilipoingia akawa anapika ndizi za nazi makusudi kwa ajili ya dada, kwa kuwa zilikuwa kitu pekee kisichomchafua moyo. Sahani ilipitishwa juu ya ukuta muda mfupi kabla ya adhana ya magharibi, imefunikwa kawa.

Dada alikuwa anamaliza mwezi wa nane. Alikuwa akila ndizi hizo kwa vidole, akilamba tui, mimi namtazama.

Fikira zangu zilikwenda hivi. Ndizi hutoa antimaada. Antimaada ikigusa maada, zote hutoweka. Mtoto ni maada. Hakuna mahali katika mnyororo huo nilipoona kosa, nami nilikuwa hodari wa kuona makosa. Nikakumbuka mimba ya kwanza, nikakumbuka kwamba hata wakati ule alikuwa akila ndizi.

Nilimweleza dada. Sikumweleza vizuri, maana nilikuwa na haraka na hofu, na mtu aliyewahi kupoteza mimba hahitaji maelezo mazuri ili aogope. Aliniuliza kama ni kweli imeandikwa. Nikamwonyesha neno lenyewe, kwa Kiingereza, nimelipigia mstari. Akausogeza mkono wake mbali na sahani.

Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo hakuna mtu mwingine wa mtaa wetu angelifanya. Mtu mwenye akili ya kawaida angewapa kuku zile ndizi, au angezila yeye, akarudisha sahani kesho yake na kitu ndani, kama ilivyo ada. Mimi niliona kuwapa kuku ni israfu, kumpa mtu mwingine kitu ninachokiamini kina madhara ni dhambi, na kuzitupa kisha nimwambie khala zilikuwa tamu ni uongo, tena wa mwezi wa Ramadhani. Njia iliyobaki, iliyo safi, isiyo na doa, ilikuwa kuzirudisha. Mama alikuwa juu ya msala akiswali. Niliifunika sahani vizuri, nikaipitisha juu ya ukuta, nikamwambia khala kwa adabu zote kwamba dada anashukuru lakini hawezi kuzila tena.

Khala aliipokea. Alifunua kawa, akatazama, akafunika. Akasema, "Haya, mwanangu," akaingia ndani.

Kesho yake baada ya alasiri hakuja, wala kesho kutwa. Jioni juu ya ukuta hakukupita kitu. Dada alijilaza kwenye mkeka chumbani, mgongo unamuuma, akisikiliza sauti ya khala ng'ambo ya ukuta akiwafukuza paka.

Mama aliniuliza kuna nini, nikamweleza yote tangu atomu. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi.

"Umemrudishia mtu chakula chake?" akaniuliza. "Na nyumbani mna mwenye mimba?"

"Nilimwambia ahsante, mama."

"Ulimwambia ahsante." Akasita kukuna. "Wajua mtu akirudishiwa chakula chake na nyumba yenye mimba, huwa ameambiwa nini? Huwa ameambiwa: tumekujua."

Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Nilikuwa nimewaza chembe ndogo kuliko vumbi, na jambo kubwa kama nyumba likanipita. Katika mtaa wetu, kumwambia mwanamke asiyezaa kwamba hutaki chakula chake kimguse mwenye mimba ni kumwita mchawi bila kutamka neno. Na huyu alikuwa ameshasemwa bombani.

Mama akaenda kwake jioni ile. Khala alimpokea vizuri, akamkaribisha kitako, akauliza hali za watu wote wa nyumba mmoja mmoja, mpaka shemeji aliyekuwa Changamwe. Mama alipogusia habari ya dada, khala akasema mikono inamuuma siku hizi, kumbe ni uzee unaingia, na hapana ubaya, watafute mkandaji mwingine. Yuko mmoja hodari Kisauni kwa ndani. Mama akarudi nyumbani. Ubaya ule wa "hapana ubaya" tunaujua sote.

Niliamua nitakwenda mwenyewe. Lakini nilijijua: nisipojiandaa nitaharibu zaidi. Nikachukua karatasi nikaanza kuandika nitakayomwambia khala. Nilitaka nianze na ndizi, nikaona ndizi haieleweki bila potasiamu. Nikaanza na potasiamu, nikaona haieleweki bila atomu. Nikaanza na atomu, nikaona lazima nimweleze umeme ni nini, nami mwenyewe sikuwa na hakika. Nilichana, nikaandika, nikachana. Ramadhani ilikuwa inakwenda ukingoni na dada anazidi kuwa mzito. Mkandaji wa Kisauni kwa ndani aliletwa mara moja. Dada alikaza mwili wote chini ya mikono yake kama mtu anayeng'olewa jino, na alipoondoka alilia.

"Nataka mikono ile," aliniambia. "Ningejua itanibidi nichague moja, ndizi au mikono, ningechagua mikono."

Nikamwambia niko karibu kumaliza kuandika.

"Wewe ukingoja maneno yako yaive, huyu atazaliwa ana ndevu." Akanyoosha mkono. "Lete hicho kitabu chako. Nionyeshe tena hizo ndizi."

Nilimpa. Dada alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, na Kiingereza chake kilikuwa cha kusoma mabango, lakini alilitambua lile neno nililolipigia mstari. Akalitazama kwa muda. Kisha, kama mtu anayegeuza chapati, akaugeuza ukurasa.

"Na huku? Mbona ziko tena?"

"Wapi?"

"Ndizi. Hii hapa. Na hii."

"Huko sijafika."

"Hujafika vipi?" Akaniinulia karatasi mbele ya macho. "Ni mgongo wa karatasi hiyo hiyo."

Nilianza kumweleza habari ya sheria yangu. Dada alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau, si kwa hasira, bali kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyemdhania mzima. Akasema, "Soma."

Nikasoma. Maneno nisiyoyajua niliyaruka, na kila niliporuka nilihisi kama nakanyaga mchanga wa jua kali bila viatu, lakini nikaendelea. Kitabu kilikuwa kinaendelea pale pale kilipoachia. Kilisema kwamba positroni na elektroni hiyo zikikutana hutoweka kweli, zikaacha cheche ya mwanga isiyoonekana kwa jicho, yenye nguvu ndogo kiasi kwamba isingeweza kusogeza hata chembe ya vumbi. Kilisema jambo hilo hutokea katika ndizi moja kama mara moja tu kwa zaidi ya saa nzima. Kisha kikasema lile lililonifanya niketi chini: kwamba mwili wa mtu mzima wenyewe una potasiamu, bila potasiamu moyo haupigi, na kwa hiyo kila mtu aliye hai hutoa antimaada mara mia kadhaa kuliko ndizi, mchana na usiku, tangu tumboni mwa mama yake mpaka kaburini. Kula ndizi hakuongezi chochote, maana mwili huweka kiasi chake na ziada huitoa.

"Sasa yasemaje?" dada akauliza.

"Yasema wewe mwenyewe unatoa kuliko ndizi."

"Mimi?"

"Wewe. Na mimi. Na huyo ndani."

Aliweka mkono juu ya tumbo. "Na hatutoweki?"

"Hatutoweki."

Alianza kucheka. Alicheka akajishika kiuno kwa maumivu, akaendelea kucheka, nami nikacheka mpaka machozi, ingawa machozi yangu hayakuwa yote ya kicheko. Nilikuwa nimeibeba hofu ile kifuani kwa wiki nzima, nikihesabu ndizi alizokula tangu mwezi wa kwanza, na dawa yake ilikuwa upande wa pili wa karatasi, unene wa kucha.

Kwa kuwa sheria ilikuwa imeshavunjika, nikasoma na ukurasa uliofuata, nikakuta lile jibu lililoahidiwa. Halikuwa jibu kamili. Kitabu kilisema kwamba hapo mwanzo hesabu haikulingana kabisa. Kwa kila pacha bilioni moja wa antimaada, palikuwa na chembe za maada bilioni moja na moja zaidi. Zile bilioni zikamalizana na wenzao zikawa mwanga, na mwanga huo bado umetapakaa angani, umepoa. Ile moja ikakosa wa kuimaliza. Kutokana na zile moja moja zilizobaki ndipo yakatoka majua yote, na dunia, na sisi. Kwa nini ilizidi hiyo moja, waliokiandika kitabu walikiri hawajui. Waliandika hivyo waziwazi, kwamba hawajui, katika kitabu kilichopigwa chapa. Niliusoma mstari huo mara nyingi. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu aweza kuandika hivyo na kitabu chake kikauzwa.

Nikavaa buibui nikaenda kwa khala bila karatasi.

Nilimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kuinua macho. Nikakaa juu ya kibao, na badala ya kuanza na atomu nikaanza na mimi. Nikamwambia kwamba aliyerudisha sahani ni mimi, si dada, si mama. Kwamba nilisoma kitabu nikaogopa ndizi. Kwamba nilisoma nusu.

Aliendelea kuchambua. "Ndizi zangu?"

"Ndizi zote, khala. Za dunia nzima."

"Na za mke mwenzangu?"

"Nazo pia."

"Zake hazina zaidi?"

Niliwaza kudanganya. "Ziko sawa sawa."

Aliguna, kama asiyeridhika na sayansi hiyo. Kisha akauliza kitu chenyewe ni kitu gani, nami nikamweleza kwa maneno yaliyokuja, mengine si sahihi: kwamba kila kitu kina pacha wa kinyume, kwamba wakikutana humalizana wakawa mwanga, kwamba wamo hata ndani yetu na hawatudhuru. Nikamweleza na habari za mwanzo wa ulimwengu, jinsi vyote vilivyoisha isipokuwa kile kidogo kilichozidi, na kwamba hicho kidogo ndicho sisi.

Akaacha kuchambua. "Basi sisi ni ukoko."

"Vipi, khala?"

"Wali wote umeliwa, umebaki uliogandamana chini ya sufuria. Ndio sisi." Alionekana kulipenda wazo hilo. "Na huyo Mungu wako wa kitabuni, kwa nini aliubakisha?"

"Hawajui."

"Hawajui," akarudia, na kwa mara ya kwanza akanitazama. Uso wake ulikuwa umechoka, chini ya macho pamevimba. Akasema kwa sauti ambayo sikuizoea kwake, ndogo, "Mimi nilidhani mwaniona ndiye niliyemuua yule wa kwanza."

Nilisema la, wallahi la.

"Hata mimi sikujua," akasema. "Tangu siku ile najiuliza. Labda nilikandamiza pasipostahili. Labda mkono huu. Dada yako alipokuja kunichukua nilikuwa nasema moyoni, huyu hajui anamshika nani. Halafu sahani ikarudi. Nikasema, haya, na wao pia wameona."

Sikuwa na neno lililo sahihi, na kwa mara ya kwanza sikulitafuta. Nilimwambia tu kwamba hospitali walisema hakuna mtu aliyefanya kosa, na kwamba dada amelia kwa kuitaka mikono yake. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akasukuma ungo kwangu.

"Maliza mchele huu. Na usichambue kama unavyochambua kwenu, punje punje. Watu wafuturu leo."

Alipita mlangoni kwetu na chupa ya mafuta kabla sijafika nusu ya ungo. Kupitia ukuta nilisikia dada akisema kitu, khala akijibu, kisha kimya kirefu cha mtu anayekandwa vizuri. Mama alipita uani akielekea jikoni, akaniona ng'ambo nimeshika ungo wa watu, akatikisa kichwa akaendelea zake, anaimba. Mama hakuwa mtu wa kuimba.

Mtoto alizaliwa siku chache baada ya Idi, msichana, mzima, mwenye sauti. Khala alikuwa kando ya dada hospitali mpaka wauguzi walipomwambia atoke, na baada ya hapo ndiye aliyemkanda na kumwogesha maji ya moto siku zote za uzazi, akigombana na mama juu ya kiasi cha pilipili manga katika uji. Shemeji alichukua ruhusa akaja, akambeba mwanawe kama mtu aliyekabidhiwa trei ya mayai.

Siku moja katika zile siku arobaini za uzazi chumba kilijaa wanawake waliokuja kumtazama mzazi. Wengine walikuwa walewale wa bombani. Khala alikuwa amekaa kitandani karibu na dada, mtoto mapajani mwake, mbele yao wote, akimpaka mafuta taratibu. Mmoja wao akasifu jinsi mtoto anavyong'ara.

"Mwamwona hivi?" khala akasema. "Huyu anatoa mwanga. Usiku na mchana. Kila mmoja wetu ana pacha wake ndani ya damu, wanapigana humo, cheche zaruka, ila hazionekani. Anayekula ndizi nyingi hutoa zaidi. Muulizeni huyu msomi wetu."

Nyuso zote zikanigeukia. Katika maneno yale nilihesabu makosa manne, na moja kati yao lilikuwa kubwa, lile la kuongezeka kwa ndizi, ambalo kitabu kilikuwa kimelikanusha wazi. Nikafungua mdomo. Dada alikuwa ameegemea mto, akinitazama kwa utulivu. Mtoto alipiga chafya, khala akamwinua akamlaza kifuani, akampigapiga mgongo kwa kiganja chake kipana, na hakuna mwanamke hata mmoja mle chumbani aliyetazama kiganja hicho kwa wasiwasi.

"Ni hivyo, khala," nikasema, nikaenda jikoni kuongeza maji kwenye birika la chai.